Bweta la Mwimo

Mvua imenyesha siku kumi na nne, leo ni ya kumi na tano.
Hapa Achao mvua haina mhesabuji.
Nahesabu mimi, kwa kuwa gundi haikauki
na Ijumaa mtoto anatimiza mwaka.

Wamempa jina la mti: Maitén.
Mimi niliyekula kwa miti miaka hamsini na miwili
sikuulizwa.
Nimemwona mara moja, kwenye simu ya Otilia,
usawa wa ukucha.
Akacheka. Chaji ikaisha.

Ubao nimeung'oa kwenye mwimo wa mlango wa jikoni.
Ni alerse, mti ambao maji huuramba na kuuacha.
Babu yangu aliushusha mlimani kwa maksai wawili;
leo hata kisiki chake kina sheria.
Otilia alikuja na bakuli la viazi,
akautazama mlango uliobaki uchi.
"Sasa baridi itatuingilia."
"Ilikwisha ingia," nikasema.
Akarudi kumenya.

Randa inateleza, maranda yanajikunja
mekundu, kama maganda bakulini mwake.
Rangi inatoka miaka kwa miaka:
nyeupe ya harusi, buluu ya baada ya tetemeko,
na chini kabisa kijani
ambacho aliyekipaka simjui.

Kisha nikaugeuza ubao.
Uso huu hatukuwahi kuupaka.
Nilijua kwa nini. Nilijifanya nimesahau.

Vistari vya penseli, mwandiko wa Otilia:
Nivaldo, miaka minne.
Nivaldo, saba (amesimama kwa vidole, mwizi huyu).
Kumi na mmoja.
Kumi na sita, na hapo vinakoma,
na juu yake ufa, wa siku alipoubamiza mlango.

Nilimwambia: Nenda, kalishe samaki wa matajiri,
samaki wa vizimbani, mtafanana.
Maji yakimwagika hayazoleki.
Alikwenda kwenye samoni, kisha kusini zaidi,
Punta Arenas, ambako, wanasema,
watu hushika kamba barabarani
upepo usije ukawachukua.

Fundi angepiga randa.
Ndivyo nilivyomfundisha hata yeye:
ubao wenye alama haujaisha.
Nimesimama na randa mkononi
mpaka kuni jikoni zikawa majivu.

Nimekata bila kuranda.
Miwani niliyovaa ni ya Otilia,
na kifuniko kimetoka kifupi kwa upana wa kidole,
labda kile kidole nilichouachia msumeno
bado kinadai kipimwe.
Ikabidi bweta zima lipungue.
"Kumi na mmoja" ikaanguka sakafuni.
Otilia akaiokota, akaifuta, akaitia mfukoni mwa aproni,
hakunirudishia.

Basi minne iko ubavu wa kushoto, kwa ndani.
Saba iko kulia.
Kumi na sita nimeilaza chini, pamoja na ufa wake.
Nimeutia gundi. Hauvuji. Unaonekana.
Bawaba ni za luma, mti mgumu kuliko mimi;
chuma kisiwani hapa hulia kutu kabla ya mwaka.

Otilia anataka kutia soksi, medali ya ubatizo,
kiazi cha mbegu.
Nimekataa. Mtoto ataweka vyake:
jino, jiwe, kifungo, barua asizotaka tusome.
Kiazi amekitia nilipotoka nje.

Safari ya basi ni saa thelathini na ushei.
Juu ya karatasi nimeandika: Maitén Cárcamo.
Kalamu ikasita.
Mtoto wa mwaka mmoja hafungui kifurushi.
Nikaongeza chini, kwa herufi ndogo:
mkononi mwa baba yake.

Mwimo mpya ni wa paini, mweupe, hauna neno.
Nimechonga penseli, nimeitundika hapo kwa uzi.
Otilia anasema itafaa kuandikia vya dukani,
chumvi, unga, betri.
Sijambishia.